Kumwambia mwajiri kwamba una hofu ya watu: lini, nani, na kwa maneno gani

Mara ya kwanza kumwambia mwajiri kuhusu hali yangu sikupanga kabisa, yaani ilinitoka tu. Niko kwenye usaili, mbele ya watu watano, mezani kuna glasi ya maji ambayo siwezi hata kuigusa maana nikiinyanyua wote wataona mkono unavyotetemeka, mmoja akasema "haya, jieleze kwa kifupi", na mi badala ya kujieleza nikaanza "samahanini jamani, mi huwa naogopa sana watu, nina tatizo la wasiwasi tangu niko shule, kwahiyo mkiona nababaika mnisamehe", nikaenda hivyohivyo dakika nzima, labda mbili. Wakaniangalia kwa huruma. Huruma ile ndo ilinimaliza, kuanzia hapo maswali yakawa laini laini kama wananibembeleza vile, hakuna aliyeniuliza tena kuhusu kazi yenyewe. Na kazi sikupata.

Kosa halikuwa kusema. Kosa ni kwamba nilisema bila kuomba chochote, nikawatwisha mzigo wangu halafu sikuwaambia wautue wapi. Mwajiri hana haja sana na jina la hali yako, ana haja ya kujua afanye nini. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi kidogo, sio rahisi sana lakini kidogo.

Hatua ya 1: Jua una nini kabla hujakitangaza

Aibu ya kawaida karibu kila mtu anayo, mtu anaona haya siku ya kwanza kazini afu wiki ya pili anapiga soga na kila mtu. Hofu ya watu, au wasiwasi wa kijamii kama wengine wanavyouita, ni kitu kingine. Unaogopa kuangaliwa, kupimwa, kuonekana mjinga, unaogopa mpaka unaanza kupanga maisha yako kwa kukwepa: hupigi simu, huli mbele za watu, tangazo la kazi unaliona na unazo sifa zote lakini ukisoma "mawasiliano na wateja" unafunga. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye DSM, mwongozo wao wa kutambua magonjwa ya akili, mwaka 1980, na siku hizi kwa kawaida wanataka iwe imedumu miezi 6 au zaidi na iwe inakuvurugia maisha kweli. Mara nyingi inaanza mtu akiwa bado mtoto au kijana mdogo, ndo maana wengi wetu tunakua tukiamini ni tabia tu, "yule ni mkimya", kumbe ni hali inayotibika, kuna tiba ya mazungumzo ya CBT ambayo imefanyiwa utafiti mwingi na kuna dawa pia.

Kwanini nakupeleka kwa daktari wakati umekuja kutafuta mambo ya kazi? Sababu moja ni ya kisheria, sehemu nyingi ukitaka mwajiri akurekebishie mazingira anaweza kukuomba karatasi ya mtaalamu, na karatasi hiyo huwezi kuipata usiku wa kuamkia usaili. Nyingine ni kwamba ukishakaa na mtu anayeijua hali hii unapata maneno ya kuielezea bila kujitukana. Sisi tukiachwa wenyewe huwa tunajieleza vibaya sana.

Hatua ya 2: Chukua karatasi, andika kazi inataka nini na wewe inakubana wapi

Usianze na swali "niwaambie au nisiwaambie", hilo litakuzungusha mpaka asubuhi. Chora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika mambo ya kazi hiyo hasahasa, sio kazi kwa ujumla: simu ngapi kwa siku, vikao vingapi, unakaa chumba cha watu wangapi, kuna kusimama mbele ya watu kuwasilisha ripoti au hakuna. Upande wa pili andika kila kimoja kinakufanya nini, na ungepewa nini kingepungua. Andika kwa ukweli, hakuna anayekuangalia.

Ukimaliza angalia upande wa kulia. Kama hakuna kitu chochote unachotaka mwajiri akufanyie, basi ukiniuliza mimi, huna sababu ya kumwambia, angalau sio sasa. Wala hujaficha kitu, mambo ya afya yako ni yako. Kama kuna kitu kimoja au viwili, hivyo ndo utaenda kuviomba. Na kama ni vitu kumi na tano, nakwambia kwa upendo tu, fikiria tena kama kazi hiyo ndo yenyewe, maana kuna watu wanaomba kazi ya mapokezi kwa sababu tu imetangazwa, afu wanataka warekebishiwe mpaka isiwe mapokezi tena.

Hapa kuna jambo moja linalotudanganya wengi. Tunataka kusema kwa sababu tunaamini "si wanaona tu, bora niseme mwenyewe". Kweli wanaona? Watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich mwaka 2003 walitoa majaribio ya watu wanaohutubia, wakakuta mhutubiaji anadhani woga wake unaonekana sana kuliko wasikilizaji wanavyouona kweli. Afu kikafuata kitu kitamu zaidi: wahutubiaji walioambiwa mapema kwamba woga wa ndani hauonekani hivyo kwa nje walihutubia vizuri zaidi. Kwahiyo kama sababu yako pekee ya kusema ni kwamba moyo unadunda na unahisi chumba kizima kinausikia, hawausikii. Mi nilivyosoma hilo nilicheka, nikakumbuka ile glasi ya maji.

Hatua ya 3: Soma sheria ya unapotafutia kazi

Hii ipite haraka lakini usiiruke. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa 2006, unagusa hata hali za akili za muda mrefu, na ibara yake ya 27 inakataza ubaguzi tangu kwenye kuajiri na inataka kuwe na marekebisho ya haki kazini. Nchi nyingi zimeuridhia ila kila moja ina sheria yake ya ndani na hapo ndo tofauti zinapoanza. Marekani, kwa sheria yao ya watu wenye ulemavu (ADA) ya 1990, mwajiri haruhusiwi kukuuliza kuhusu ulemavu kabla hajakupa ofa, anaweza tu kuuliza kama unaweza kufanya kazi zilizotajwa, na akishakupa ofa anaweza kuuliza mambo ya afya mradi awaulize wote wanaoingia kwenye nafasi za aina hiyo. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 kifungu cha 60 nayo inamzuia kwa sehemu kubwa kuuliza afya kabla ya ofa, ingawa anaruhusiwa kuuliza kama unahitaji marekebisho kwa ajili ya usaili wenyewe. Ya kwako itafute, soma sehemu ya ajira tu, na usome pia wanasemaje kuhusu usiri wa taarifa za afya.

Usijidanganye lakini kwamba sheria ni ngao ya chuma. Mtu akiamua kutokuajiri ana sababu mia za kuandika na hakuna hata moja itakayosema "kwa sababu anaogopa watu". Sheria inakusaidia zaidi ukiwa umeshapata ofa kwa maandishi, na hilo linatupeleka kwenye wakati.

Hatua ya 4: Chagua wakati, na hapa ndo penyewe

Kwenye CV na barua ya maombi: usiandike. Najua wapo wanaosema uwe wazi tangu mwanzo, nawaheshimu, lakini anayesoma barua mia mbili anatafuta sababu ya kuzipunguza, na hakujui, hajakusikia ukiongea, hajaona kazi yako. Utakuwa umempa jina la hali kabla hajapata mtu wa kuliweka ndani yake. Kama una pengo la mwaka mmoja kwenye CV kwa sababu ya hali hii, sema ulikuwa na suala la afya ambalo sasa unalimudu, basi, sentensi moja inatosha.

Kwenye fomu ya maombi yenye swali "una ulemavu?": angalia ni swali la takwimu au la kuamulia. Sehemu nyingine wanalitenga kabisa na maombi, wanasema ni hiari na mwenye kuajiri halioni, hapo jibu unavyotaka au chagua "sipendi kusema". Ila usidanganye pale unapoulizwa moja kwa moja na kihalali. Kuna kazi kama urubani ambazo vipimo na fomu za afya ni sehemu ya leseni, ukidanganya pale shida yake ni kubwa kuliko hofu yenyewe.

Ukishaitwa usaili: hapa sema, kama tu una ombi linalohusu usaili wenyewe. Na usiseme siku yenyewe mlangoni, andika siku kadhaa kabla, barua pepe fupi, maana aliyepanga usaili anahitaji muda wa kupanga na wewe unahitaji muda wa kulala usingizi.

Ndani ya chumba: mara nyingi hapana, umeshaona yaliyonikuta. Ila kichwa kikiwa cheupe kabisa, neno limepotea, kuna sentensi moja ya kujiokoa ambayo haina ugonjwa ndani yake: "Naomba sekunde chache nipange jibu langu." Kila msailiwa anaruhusiwa kuisema, mwenye hofu na asiye na hofu. Nyingine: "Nimekwama kidogo hapo, naomba nianze upya." Hakuna aliyewahi kunyimwa kazi kwa kuanza upya, au kama yupo basi kazi hiyo ilikuwa ya kumkimbia.

Baada ya ofa, kabla hujaanza au wiki za mwanzo: kwa mambo ya kazi yenyewe, ndo wakati ninaoupenda mimi. Wameshakuchagua kwa uwezo wako, sasa mnapanga tu namna ya kufanya kazi. Ofa iwe mkononi kwa maandishi lakini, sio "tutakupigia".

Na kuna wakati wa sita ambao watu hawausemi, ule wa kazini baada ya miezi, mambo yameharibika, umekwepa vikao vitatu na bosi anadhani ni uvivu. Bado unaweza kusema, ila hapo unaanza ukiwa nyuma maana utaonekana unatafuta kisingizio. Ndo maana kama unajua kabisa kitu fulani kitakukwamisha, wahi.

Hatua ya 5: Mwambie mtu sahihi

Kwa ombi la usaili, mwambie yule aliyekutumia mwaliko, kwa kawaida ni watu wa HR, yaani idara ya rasilimali watu. Huna haja ya kutuma kwa jopo zima. Ukishapata kazi unaweza kuanza na HR au meneja wako, mi naona HR ni kwa ajili ya rekodi na meneja ni kwa ajili ya maisha, maana yeye ndo anayekuita kikaoni na kukusimamisha bila taarifa "haya mgeni wetu ajitambulishe". Kabla hujafungua uliza: "Nikikwambia jambo la afya yangu, nani mwingine atalijua?" Akijibu kwa kusuasua, punguza utakachosema. Wafanyakazi wenzako hawana haki ya kujua chochote, utakuja kuwaambia ukishawazoea, au usiwaambie kabisa.

Hatua ya 6: Maneno

Nimeandika na kufuta hizi barua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nilichokiona ni kwamba barua nzuri ina vitu vitatu tu: kidogo kuhusu hali, unachoomba, na kwanini kitawasaidia wao kukuona vizuri. Historia ya utotoni hapana. Samahani hapana, hujamkosea mtu. "Tatizo kubwa", "ugonjwa wa akili", "siwezi" pia hapana, sema "nina hali ya kiafya", na kama unataka kuitaja itaje mara moja uendelee.

Mfano wa kabla ya usaili:

"Habari za kazi. Asanteni kwa kunialika kwenye usaili wa Jumanne, nitafika. Nina hali ya kiafya inayofanya maswali ya papo kwa papo mbele ya watu wengi yanichukulie muda zaidi. Kama inawezekana naomba kujua mapema nitasailiwa na watu wangapi na mada zitakazoguswa. Hilo litanisaidia kuwaonyesha vizuri kazi ninayoweza kufanya. Nashukuru sana."

Umeona haina neno hofu wala wasiwasi? Na bado sio uongo hata kidogo. Ukitaka kulitaja badilisha "hali ya kiafya" uweke "wasiwasi wa kijamii", ni uamuzi wako. Mi nalitaja nikiona kampuni yenyewe imeandika kwenye tangazo kwamba inakaribisha maombi ya marekebisho, vinginevyo naacha ilivyo.

Vitu ambavyo watu huwa wanaomba na vinakubalika bila vurugu: majina ya wasaili mapema, mada au maswali mapema, jopo la watu wawili badala ya sita, usaili wa video au kinyume chake kama video ndo inakutesa, jaribio la kuandika au la vitendo pamoja na mazungumzo, dakika kumi za kukaa peke yako kabla ya kuingia. Usione kama unaomba upendeleo. Tafiti za muda mrefu za uajiri, ule uchambuzi wa wanasaikolojia Schmidt na Hunter wa 1998 ukiwemo, zinaonyesha usaili uliopangwa, kila mtu maswali yaleyale na kigezo kilekile, unabashiri utendaji wa mtu kuliko porojo za "hebu tupige stori tukufahamu". Na hizo porojo ndo zinazotumaliza sisi. Ukiwaomba wapange vizuri unawasaidia hata na wengine.

Mfano wa baada ya ofa, kwa meneja, ana kwa ana au kwa simu kama unaiweza, kwa maandishi kama huiwezi:

"Kabla sijaanza nilitaka tuongee jambo dogo. Nina wasiwasi wa kijamii, nimeshaanza matibabu na kazi naimudu. Kinachonisaidia ni kupewa taarifa siku moja kabla kama nitatakiwa kuongea kikaoni, na maoni kuhusu kazi yangu nipewe tukiwa wawili. Mengine yote twende kama kawaida."

Hiyo "mengine yote twende kama kawaida" usiisahau, inamtoa hofu na yeye. Hajui akutendee vipi, anaogopa kukosea, na mtu akiogopa kukosea anakukwepa.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi, lakini usikariri

Sema kwa sauti, jirekodi, mwambie mtu mmoja unayemwamini acheze kama HR na akuulize yale maswali mabaya. Ila usikariri neno kwa neno. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells, kwenye maelezo yao ya hali hii ya mwaka 1995, walieleza jinsi tunavyojikinga kwa vitu ambavyo vinatufunga zaidi: kukariri sentensi, kushika mikono isitetemeke, kujiangalia wenyewe muda wote badala ya kumwangalia anayeongea. Ukikariri, ukipoteza neno moja umepoteza barua nzima. Kariri ombi lako tu, mengine yaache yaje yenyewe hata yakija yamepinda.

Kuhusu zile dawa za kutuliza mapigo ya moyo, propranolol na wenzake, usiazime kwa rafiki asubuhi ya usaili. Wenye pumu kwa mfano zinaweza kuwadhuru, muone daktari mapema na kama atakupa uijaribu siku ya kawaida kwanza.

Hatua ya 8: Majibu yao

Wengi watajibu "sawa, hakuna shida" na utashangaa ulivyokesha bure. Wengine watauliza. "Utaweza kweli kazi ya watu?" Jibu kwa kazi, sio kwa hisia: "Ndiyo, nilikokuwa nilikuwa nahudumia wateja kwa barua pepe na simu, na haya ndo matokeo." Uwe na mfano mmoja wenye namba, namba hazibabaiki. "Hali yenyewe inaitwaje?" Unaweza kusema, unaweza pia kusema "ningependa hilo libaki kwa daktari wangu, ila naweza kuleta barua yake." Sema kwa upole, usiangalie chini, au angalia chini lakini malizia sentensi.

Wakikaa kimya siku tatu, kumbusha mara moja. Chochote mtakachokubaliana kwa mdomo kiandikie: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo, tumekubaliana kwamba..." Sio kwamba unawatega, meneja huhamishwa, na anayekuja hakusikia.

Na ofa ikifutwa ghafla siku mbili baada ya wewe kusema, usitume meseji ya hasira usiku. Weka barua zote pamoja na tarehe zake, omba sababu kwa maandishi, afu nenda kwa mtu wa sheria za kazi au chama cha wafanyakazi, kuna muda wa mwisho wa kulalamika na sehemu nyingine ni mfupi sana.

Kazi niliyonayo sasa niliandika mistari mitano tu, siku nne kabla, ile ile niliyokuwekea hapo juu kasoro maneno mawili matatu. Nikabonyeza kutuma, nikaifunga laptopu nikatoka nje kutembea kwa sababu sikuweza kukaa nayo chumba kimoja. Nilivyorudi kulikuwa na jibu: "Asante kwa kutuambia. Mtakuwa watatu tu na wewe ukiwemo, mada nimeambatanisha. Maji yatakuwepo." Maji niliyakuta kwenye chupa yenye kizibo, nikanywa.